Kipimo na chekeche: mtihani wa mtoto wa miaka kumi unapima nini hasa?

Mtoto wa miaka kumi anaulizwa robo tatu kujumlisha robo moja ni ngapi. Anaandika 4/8. Amekosa, lakini hakukosa ovyo: amejumlisha namba za juu, kisha akajumlisha za chini, kama mtu anayefuata kanuni aliyojitungia mwenyewe. Mwalimu akiiona karatasi ile anajua papo hapo mtoto amekwama wapi. Atachukua ukanda wa karatasi, ataukunja mara mbili vipatikane vipande vinne, atapaka rangi vitatu, halafu atamwambia mtoto apake na cha nne. Ukanda umejaa rangi mwanzo hadi mwisho. "Haya, nne ya nane si ndiyo nusu? Na hii ni nusu?" Mtoto anacheka. Hiyo ni kazi ya dakika kumi.

Swali hilohilo likitokea kwenye mtihani wa kuchagua wanafunzi, mtoto anatia weusi kwenye kiduara cha B, mashine inasoma, anakosa alama moja. Karatasi hairudi. Hakuna atakayeujua ukanda uliokuwa unahitajika. Na alama ile moja, akiwa amesimama karibu na mstari, inaweza kuwa ndiyo iliyompeleka shule hii badala ya ile.

Tofauti ya matukio hayo mawili ndiyo inayopotea kila watu wanapogombana kuhusu mitihani. Jina ni moja, mtihani, lakini kazi ni mbili. Kuna mtihani ambao ni kipimo, kama kipimajoto cha mganga: unasema hali ilivyo ili mtu atibiwe. Na kuna mtihani ambao ni chekeche: hawa wapite, hawa wabaki. (Lugha yetu ina utani wake, maana shule ya watoto wadogo kabisa tunaiita chekechea.) Anayesema "mitihani inaua watoto" mara nyingi analia na chekeche. Anayemjibu "bila mitihani tutajuaje kama wanajifunza?" anatetea kipimo. Wanaweza kubishana hadi usiku, na wote wawili wana haki.

Kuna mchanganyo wa pili, mkubwa zaidi. Watu husema kwa pumzi moja kwamba shule zinawachuja watoto mapema na kwamba shule zinawalazimisha wote kuwa sare, mtaala mmoja, kitabu kimoja. Yote mawili yanachukiwa, kwa hiyo yanaonekana ndugu. Kumbe yanavutana. Kuchuja mapema maana yake ni kuacha kuwafundisha wote jambo moja: wachache wanaendelea na algebra na lugha za kigeni, waliobaki wanapewa kidogo. Mtaala wa pamoja hadi miaka 15 au 16 ni ahadi kwamba hakuna atakayepunguziwa mapema. Msimamo wangu niuseme hapa: mtaala wa pamoja na kipimo cha mara kwa mara ni marafiki wa mtoto mnyonge, kinachomuumiza ni chekeche linalowekwa mbele yake kabla hajajulikana ni nani.

Hebu tuliangalie chekeche lenyewe linavyofanya kazi mtoto akiwa na miaka kumi au kumi na moja.

La kwanza linalolishika ni mwezi wa kuzaliwa. Kila nchi ina tarehe ya kukata umri wa kuanza shule. Aliyezaliwa mara tu baada ya tarehe hiyo na aliyezaliwa siku chache kabla ya tarehe ya mwaka unaofuata wanaketi dawati moja, ingawa mmoja ana miezi kumi na moja zaidi. Wakiwa na miaka sita, miezi hiyo ni karibu moja ya saba ya maisha ya mdogo. Mkubwa anashika penseli vizuri, anakaa kimya muda mrefu, anaelewa maelezo ya hatua tatu. Mwalimu anamwita "mwerevu", naye anaanza kujiona mwerevu. Kelly Bedard na Elizabeth Dhuey, wachumi walioangalia matokeo ya nchi nyingi zilizoendelea na kuchapisha kazi yao mwaka 2006, walikuta kwamba ukiwapanga watoto mia moja wa darasa la nne kwenye foleni kwa alama zao, wadogo wa umri husimama nafasi 4 hadi 12 nyuma ya wakubwa. Kufika darasa la nane pengo lilikuwa limepungua hadi nafasi 2 hadi 9. Pengo linajifunga lenyewe, polepole. Chekeche la mapema halisubiri lijifunge.

La pili ni nyumba. Mtoto anayesomewa hadithi kila usiku, ambaye wazazi wake wanajua mtihani unavyotungwa na wana uwezo wa kulipia tuisheni, anaingia chumbani na mazoezi ya miaka miwili mgongoni. Hilo kila mtu analijua. Lisilosemwa sana ni kwamba kadiri mtoto alivyo mdogo, ndivyo alama zake zinavyokuwa alama za nyumba zaidi ya za shule, kwa sababu shule haijapata muda. Chuja akiwa na miaka kumi, umepima miaka minne au mitano ya darasa na miaka kumi ya nyumba.

La tatu ni bahati tupu. Hakuna mtihani utakaompa mtoto alama ileile mara mbili. Leo ana mafua, kesho swali la treni linamkalia vizuri. Katikati ya kundi, tofauti ya alama mbili tatu haina neno. Kwenye mstari wa kukata inaamua maisha, na karibu na mstari huo huwa kuna watoto wengi wanaopishana kwa alama chache tu.

Uingereza ililijaribu chekeche hili kwa upana baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1944. Watoto walifanya mtihani wakiwa na miaka kumi au kumi na moja. Waliofaulu walikwenda shule za sarufi, njia ya kuelekea chuo kikuu, na wengi waliobaki walikwenda shule za sekondari za kawaida, ambazo nyingi hazikuwaandaa hata kwa mitihani ya kumaliza. Watafiti waliokagua mfumo huo walikadiria mwaka 1957 kwamba hata kwa njia bora za wakati ule, takriban mtoto mmoja kati ya kumi alikuwa anapelekwa mahali pasipomfaa. Hayo ni makosa ya kipimo peke yake. Juu yake kulikuwa na makosa ya hesabu ya viti: nafasi za shule za sarufi zilitofautiana sana kutoka wilaya moja hadi nyingine, hivyo alama iliyomfaulisha mtoto huku ilimfelisha wa kule. Na kwa kuwa wasichana wa umri ule waliwashinda wavulana, mamlaka nyingi ziliwawekea mstari wa juu zaidi ili viti vigawanyike. Msichana alifeli kwa alama ambayo kaka yake angefaulu nayo. Mtu akikwambia mtihani ule ulipima akili, muulize mstari wa wasichana ulikuwa unapima nini.

Hapo wenye kuutetea mchujo hutoa methali: samaki mkunje angali mbichi. Mimi naisoma vingine. Methali inasema umkunje. Haisemi umpange kwenye vikapu viwili na kimoja usikiguse tena.

Je, nchi zinazochelewa kuchuja zinapata nini? Ushahidi mzuri uko Ufini, na uzuri wake umetokana na namna walivyobadilisha. Zamani watoto wa Ufini waligawanywa wakiwa na miaka kama kumi na moja. Kisha ikaja shule moja ya miaka tisa kwa wote, lakini haikuanza nchi nzima kwa siku moja: ilianzia kaskazini mwaka 1972 na kufika kusini, mjini Helsinki, mwaka 1977. Kwa hiyo kulikuwa na watoto wa rika moja, nchi moja, wengine wamechujwa na wengine hawajachujwa, kwa sababu tu ya mahali walipokuwa wanaishi. Wachumi watatu walifuatilia mapato yao ukubwani. Uhusiano kati ya kipato cha baba na kipato cha mwana ulikuwa umelegea kwa karibu robo. Mtoto wa maskini hakuwa tajiri kwa muujiza, lakini kamba iliyomfunga na kipato cha baba yake ilikuwa imepungua nguvu. Hadi leo Ufini haina mtihani wa taifa wa kila mwanafunzi kabla ya ule wa mwisho wa sekondari ya juu, wakiwa na miaka 18 au 19. Nisiifanye pepo: alama zake katika mtihani wa kimataifa wa PISA zimekuwa zikishuka tangu 2006, na shule ya pamoja haikuzuia hilo.

Polandi ilisogeza mchujo kwa mwaka mmoja tu, kutoka miaka 15 hadi 16, katika mageuzi ya 1999. Alama za kusoma katika PISA zilipanda kutoka 479 mwaka 2000 hadi 518 mwaka 2012. Mageuzi hayo yalikuwa na mambo mengine ndani yake, mtaala mpya na mitihani mipya, kwa hiyo sitampa sifa zote mwaka ule mmoja. Hata hivyo serikali ya baadaye iliamua kuzifuta shule za kati zilizoanzishwa na mageuzi yale, kuanzia mwaka 2017.

Ujerumani ni upande wa pili. Majimbo mengi hugawa watoto baada ya darasa la nne, wakiwa na miaka kumi hivi. Berlin na Brandenburg husubiri hadi baada ya la sita. Matokeo ya kwanza ya PISA yalipotoka Desemba 2001, nchi iliyojiona mwalimu wa Ulaya ilijikuta chini ya wastani, tena ikiwa miongoni mwa nchi ambako kipato na elimu ya wazazi vilitabiri alama za mtoto kuliko kwingine. Walilipa jambo hilo jina, mshtuko wa PISA, na jina halijafutika. Miaka michache baadaye wachumi Eric Hanushek na Ludger Wößmann walilinganisha nchi zinazochuja mapema na zinazochelewa, wakipima pengo la watoto wakiwa shule ya msingi na tena wakiwa sekondari. Nchi zilizochuja mapema zilikuza pengo. Na faida ya wastani ambayo ingelipia hasara hiyo haikuonekana.

Ningeweza kuishia hapo, na makala ingekuwa safi. Lakini kuna mifano mitatu inayonisumbua, na nadhani ndiyo inayofundisha zaidi.

Singapore ilichuja mapema na ikafika kileleni mwa dunia. Ripoti ya mwaka 1979 iliyoongozwa na Goh Keng Swee, naibu waziri mkuu wake, ilikuta watoto wengi mno wanaacha shule kwa sababu walifundishwa kwa lugha mbili ambazo wengi hawakuzizungumza nyumbani, wote kwa mwendo mmoja. Dawa ikawa mikondo, yaani kuwagawa watoto kwa uwezo, tangu darasa la tatu. Walioacha shule wakapungua. Huwezi kusema hilo si kitu. Lakini tazama walichofanya baadaye wenyewe, bila kulazimishwa na mtu: mwaka 2008 waliondoa mikondo ya shule ya msingi na badala yake mtoto anaweza kusoma somo moja ngazi ya juu na jingine ngazi ya chini, mwaka 2021 wakabadilisha alama za mtihani wa darasa la sita ili mtoto asilinganishwe tena na wenzake kwa vipande vidogo vidogo, na kuanzia 2024 mikondo ya sekondari nayo imeondoka. Nchi iliyonufaika na mchujo kuliko nyingine yoyote imetumia zaidi ya miaka kumi na tano kuulegeza.

Wa pili ni wa Kenya. Wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya jaribio katika shule 121 za msingi magharibi mwa nchi hiyo, shule zilizopewa mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Katika karibu nusu ya shule, watoto waligawanywa kwenye vyumba viwili kwa kubahatisha. Katika nusu nyingine waligawanywa kwa alama, wenye nguvu huku, dhaifu kule. Baada ya miezi 18, waliogawanywa kwa alama walifanya vizuri zaidi, na, hapa ndipo wengi wanaposhangaa, hata wale wa chumba cha dhaifu. Sababu haikuwa siri. Mwalimu mwenye watoto wa kiwango kinachokaribiana anaweza kufundisha pale walipo, badala ya kuukimbiza mtaala akiwaacha nusu nyuma.

Je, hilo linavunja hoja yangu? Naona linainyoosha. Watoto wale hawakupelekwa shule nyingine. Hawakupewa mtaala mwembamba wala cheti kingine. Waligawanywa ili wafundishwe. Shirika la Pratham la India hufanya hivyohivyo kwa njia nyepesi zaidi: mtu mzima anaketi na mtoto mmoja na ukurasa mmoja. Soma herufi hii. Soma neno hili. Soma aya hii. Sasa hadithi. Mahali anapokwamia ndipo anapopangwa, bila kujali ni wa darasa la tatu au la tano, kwa saa moja mbili za siku. Akiweza aya, anahama kundi. Hiyo ni kupanga kwa penseli, na penseli hufutika. Chekeche la kitaifa hupanga kwa wino.

Wa tatu unatoka Ujerumani yenyewe. Mchumi Christian Dustmann na wenzake waliwafuatilia watoto waliokuwa kwenye ukingo, walioingia mkondo wa juu au wa chini kwa sababu tu ya mwezi wa kuzaliwa. Ukubwani, mishahara yao haikutofautiana. Inaonekana mfumo wa Ujerumani una milango ya baadaye: anayefanya vizuri mkondo wa chini anaweza kuhamia juu akiwa na miaka 15 au 16, na wengi walihama. Kwa watoto wa ukingoni, kosa lilisahihishwa. Nimejifunza kuuliza swali hilo kuhusu kila mchujo kabla ya kuuliza umri: aliyeachwa anarudia wapi, na nauli ya kurudi ni kiasi gani? Ila matokeo yale yanahusu walio karibu na mstari. Mtoto aliyeangukia mbali nao, kwa sababu nyumbani kwake hakuna kitabu, hayumo katika hesabu hiyo.

Sasa upande wa kipimo, ambao nao una ugonjwa wake. Kipimo kikianza kutoa zawadi na adhabu, watu huanza kukitengeneza badala ya kukisoma. Mwanasaikolojia Donald Campbell aliliandika hilo miaka ya 1970, lakini walimu wa Uingereza walilijua karne moja kabla. Mwaka 1862 serikali yao iliamua kuzilipa shule kwa matokeo: mkaguzi anakuja, anamtaka kila mtoto asome, anampa hesabu, na ruzuku inategemea waliofaulu. Watoto wakakaririshwa kitabu cha kusoma neno kwa neno. Mkaguzi akifungua ukurasa, mtoto "anasoma" kwa ufasaha, kumbe anaghani. Masomo yasiyolipiwa yakakauka. Mpango ulidumu zaidi ya miaka thelathini. Kule Atlanta, Marekani, uchunguzi wa mwaka 2011 uligundua udanganyifu katika shule 44, walimu na wakuu wa shule 178 wakihusishwa. Baadhi walikuwa wamekaa na vifutio wakirekebisha majibu ya watoto. Mwaka 2015 watu 11 walitiwa hatiani mahakamani. Kinachoniuma zaidi katika kisa hicho ni mtoto asiyejua kusoma ambaye karatasi yake ilisema anajua, akakosa msaada uliokuwa haki yake.

Lakini wanaotaka mtihani sanifu ufutwe kabisa wakumbuke ulikuja kuondoa nini. China ya kale iliweka mitihani ya utumishi wa serikali ili cheo kisiwe cha kurithi, na ikafika hatua ya kuajiri waandishi wa kunakili upya majibu ya watahiniwa, msahihishaji asije akautambua mwandiko wa mtoto wa rafiki yake. Katika wilaya moja kubwa ya Florida, Marekani, watoto wa madarasa ya vipaji walikuwa wakipendekezwa na walimu na wazazi. Wilaya ilipoamua kuwapima wote wa darasa la pili, watoto wa familia maskini na wanaojifunza Kiingereza walioingia waliongezeka karibu mara tatu. Walikuwepo siku zote. Jicho la mkubwa halikuwaona. Bajeti ilipokatwa na upimaji ukasimama, wakapungua tena. Alfred Binet mwenyewe, aliyetunga kipimo cha kwanza cha akili huko Paris mwaka 1905, alikusudia kuwatafuta watoto wanaohitaji kusaidiwa, na aliwapinga waliodai akili ni kiasi kisichoongezeka. Ni wengine waliokigeuza kipimo chake chekeche.

Kwa nini basi mchujo wa mapema haufi, pamoja na yote haya? Nadhani jibu liko Hamburg, Ujerumani. Julai 2010 jiji hilo lilipiga kura kuhusu mpango wa kuwaacha watoto wasome pamoja hadi darasa la sita badala ya la nne. Vyama vyote vilivyokuwa katika bunge la jiji viliunga mkono. Wazazi waliopinga walijipanga vizuri, mitaa ya wenye nacho ikajitokeza kwa wingi kuliko mitaa ya wahamiaji na wenye kipato kidogo, na mpango ukaanguka. Mzazi ambaye mtoto wake anaelekea kupita chekecheni haoni chekeche. Anaona mlango ulio wazi, na mtu anayetaka kuufunga. Sina haraka ya kumlaumu. Ningekuwa yeye, na mwanangu ana miaka tisa, sijui kama ningepiga kura kinyume chake.

Kilichobaki Hamburg baada ya kura ile ni aina mbili za sekondari badala ya tatu. Mgawanyo baada ya darasa la nne uko palepale. Lakini shule zote mbili sasa zinaweza kumfikisha mtoto kwenye Abitur, cheti cha kuingilia chuo kikuu: moja kwa miaka kumi na miwili tangu darasa la kwanza, nyingine kwa kumi na mitatu.